Maumivu ya Tumbo Yasiyokwisha: Maelezo kwa Watumishi na Wananchi

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaarifiwa kwamba ukurasa huu, ambao kwa kawaida hubeba matangazo ya nafasi za kazi, zabuni na mabadiliko ya saa za afisi, safari hii umetengwa kwa maelezo ya maradhi ambayo takriban kila afisi ina mtu anayeyalalamikia. Ni yale maumivu ya chembe cha moyo, kiungulia, tumbo kujaa na kichefuchefu, ambayo tumezoea kuyaita kwa jina moja tu la "vidonda vya tumbo" hata kabla mtu hajapimwa. Jina hilo ndilo lililosababisha taarifa hii iandikwe, kwani linawafanya watu wengi wajitibu maradhi wasiyonayo na kuyaacha yale waliyonayo.

Mwandishi wa taarifa hii alipata kuyaona mambo haya kwa karibu akiwa mbali na visiwa vyetu. Mpwa wake, mtumishi wa taasisi moja ya Muungano, alihamishiwa Mkoa wa Songwe, ule uliogawanywa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, naye akapanga nyumba Hasamba, mjini Vwawa, Wilaya ya Mbozi. Huko akaoa. Mwandishi alikwenda kuwatembelea wakwe katika msimu wa baridi, wakati ambao mtu wa pwani hujifunika mablangeti mawili na bado akatetemeka. Hasamba hakuna sheha, bali mwenyekiti wa mtaa. Hakuna urojo wala achari ya embe, bali ugali, viazi, maparachichi na maharage yaliyopikwa kwa magadi. Lakini malalamiko ya tumbo aliyoyasikia yalikuwa yale yale anayoyasikia kila siku katika baraza za Mji Mkongwe.

Mkwe mwenyewe, mzee wa zaidi ya miaka sabini, mkulima wa kahawa aliyewahi kuwa karani, alimsimulia mgeni wake baada ya chakula cha usiku.

"Mimi, mkwe wangu, nilikaa na vidonda vya tumbo miaka kumi na moja."

"Pole sana, Mzee. Na nani aliyekwambia kwamba ni vidonda?"

"Nani wa kuniambia? Tumbo lenyewe liliniambia."

Kwa miaka hiyo yote mzee aliacha maharage, akaacha pilipili, akaacha hata kahawa anayoilima mwenyewe. Usiku tumbo likimwamsha alikunywa maziwa baridi au maji ya magadi, na mfukoni alikuwa na vidonge vya magnesiamu alivyovitafuna kama pipi. Nafuu aliipata, ila ilikuwa ya saa moja au mbili. Kisha yakaja maumivu ya magoti, naye akawa ananunua vidonge vya diklofenaki dukani, viwili asubuhi na viwili usiku, bila ya kuandikiwa na mtu. Asubuhi moja aliona choo chake ni cheusi kama lami na kinanata. Akadhani ni mboga alizokula. Siku ya pili alianguka mlangoni mwa choo. Alipofikishwa hospitali aliongezwa chupa tatu za damu, akamezeshwa mpira wenye kamera, na kweli kidonda kikaonekana, pale tumbo linapoungana na utumbo mwembamba. Kipande kidogo cha nyama kilichokatwa kwa ajili ya kipimo kilionyesha pia kitu ambacho mzee hakuwahi kukisikia: bakteria.

Bakteria huyo huitwa Helikobakta pilori. Katika karatasi za maabara msomaji atamkuta ameandikwa kwa kifupi "H. pylori". Ni kijidudu kilichojipinda kama skrubu, chenye mikia myembamba inayokisukuma, na makaazi yake ni tumbo la binadamu. Mtu atauliza, vipi kiumbe akaishi ndani ya tumbo, mahali penye tindikali kali inayoyeyusha nyama? Jawabu ni kwamba hakai ndani ya tindikali yenyewe. Tumbo limefunikwa ndani kwa ute mzito unaokinga ukuta wake, kama chokaa inavyokinga ukuta wa nyumba ya udongo na mvua. Bakteria huyu hujichimbia katika ute huo mpaka akafika karibu na ukuta, ambako tindikali ni chache. Akiwa njiani hutoa kimeng'enyo kinachoitwa urease, ambacho huigeuza urea iliyomo tumboni kuwa amonia, na amonia hiyo huizimua tindikali inayomzunguka.

Mwili nao haukai kimya. Hupeleka seli za ulinzi mahali hapo, ukuta wa tumbo ukawa mwekundu, ukavimba na ukapata michubuko. Hali hiyo ndiyo madaktari wanayoiita gastriti, yaani uvimbe wa utando wa ndani wa tumbo. Mtu asidhani ni uvimbe kama jipu linaloweza kushikwa kwa mkono. Ni ule uvimbe wa ngozi iliyobabuka, ila umo ndani. Takriban kila mwenye bakteria huyu ana gastriti ya kiwango fulani, lakini wengi wao hawahisi chochote maisha yao yote. Jambo hili ni muhimu, na litarejewa tutakapofika kwenye vipimo.

Wachache ndio wanaopata madhara makubwa. Inakadiriwa kwamba kati ya watu 100 wenye bakteria hawa, 10 hadi 20 hupata kidonda cha kweli wakati fulani wa maisha yao, na mmoja au wawili hupata saratani ya tumbo baada ya miaka mingi. Tafauti hutokana na mahali gastriti ilipokaa. Ikikaa zaidi sehemu ya chini ya tumbo, tindikali huzidi na kidonda huchimbika kwenye mwanzo wa utumbo mwembamba, kama ilivyokuwa kwa mzee wa Hasamba. Ikienea mwili mzima wa tumbo, utando hukonda, tindikali hupungua, na hapo ndipo njia ya saratani inapofunguka taratibu. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilimweka bakteria huyu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi lile lile lenye moshi wa sigara.

Jinsi alivyogunduliwa ni hadithi inayofaa kusimuliwa, khasa kwa wale wanaodhani kwamba elimu ya vitabu haibadiliki. Hadi miaka ya 1970 wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba ndani ya tumbo hamwezi kuishi bakteria, na kwamba vidonda hutokana na fikra nyingi, hasira, pilipili na tindikali. Mwaka 1979 daktari mmoja wa maabara katika mji wa Perth, Australia, jina lake Robin Warren, alianza kuona vijidudu vilivyojipinda katika vipande vya nyama ya tumbo vya wagonjwa wenye gastriti. Wenzake wengi hawakumjali. Mwaka 1981 akaungana naye daktari kijana, Barry Marshall. Walijaribu kuwaotesha bakteria hao katika visahani vya maabara mara nyingi bila mafanikio, kwa sababu visahani vilikuwa vikitupwa baada ya siku mbili. Ikaja sikukuu ya Pasaka ya 1982. Watu wakaenda mapumzikoni, visahani vikasahauliwa kwa siku kadhaa, na waliporejea wakakuta bakteria wameota. Wapo wakuu wa idara wanaoamini kwamba likizo haileti faida yoyote kazini. Wanaombwa waikumbuke Pasaka hiyo.

Hata hivyo wataalamu wengi hawakukubali. Mwaka 1984 Marshall aliamua kujipima mwenyewe: alichunguzwa tumbo likaonekana zima, kisha akanywa maji yaliyojaa bakteria hao. Baada ya siku chache alianza kichefuchefu na kutapika, na pumzi yake ikawa na harufu mbaya. Alipochunguzwa tena kwa kamera tumbo lake lilikuwa limeshavimba, na bakteria wakaonekana. Akatumia dawa za kuua bakteria akapona. Mwaka 2005 yeye na Warren walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Kitendo chake kisiigwe na mtu, lakini tokea hapo haikuwezekana tena kumwambia mwenye kidonda kwamba sababu ni hasira zake tu.

Pilipili, fikra na kahawa havikusafishwa kabisa. Mtu ambaye utando wa tumbo lake umeshababuka atahisi ukali wa pilipili kuliko mwenziwe, na mwenye wasiwasi huhisi maumivu zaidi. Lakini pilipili haimzai bakteria, na kuiacha hakumwondoi. Maziwa nayo hutuliza kwa muda mfupi, kisha hulifanya tumbo litoe tindikali upya. Magadi na magnesiamu huizimua tindikali iliyopo. Tumbo hutengeneza nyingine. Ndiyo maana mzee alitafuna vidonge kwa miaka kumi na moja.

Kwetu Afrika bakteria huyu si mgeni. Wataalamu waliosoma nasaba yake, kwa kulinganisha bakteria waliotolewa katika matumbo ya watu wa mabara mbalimbali, walichapisha mwaka 2007 kwamba binadamu walimchukua walipotoka Afrika Mashariki takriban miaka 58,000 iliyopita. Amesafiri nasi. Mapitio ya tafiti za dunia nzima yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikadiria kwamba Afrika ndiyo yenye maambukizi mengi zaidi, takriban watu 7 katika kila 10. Hapa Tanzania, uchunguzi wa hospitali ya KCMC, Moshi, uliochapishwa mwaka 2014, ulimkuta katika karibu theluthi mbili ya watu wazima waliofika kwa malalamiko ya chakula kutosagika. Katika hospitali ya Bugando, Mwanza, uchunguzi wa damu za wagonjwa wa aina hiyo hiyo uliochapishwa mwaka 2016 uliwakuta takriban 4 katika kila 10 wakiwa na dalili ya kuambukizwa. Tarakimu kama hizo hutegemea nani aliyepimwa na kwa kipimo gani, kwa hiyo isifikiriwe kwamba watu wa Kilimanjaro ni wachafu kuliko watu wa Ziwa.

Na sasa tufike kwenye vipimo, mahali ambapo fedha nyingi za wananchi zinapotea.

Mpwa wa mwandishi alikuwa na kisa chake. Aliona yaliyomfika mkwe wake, akaingiwa na khofu, naye ana kiungulia. Akaenda katika maabara moja ndogo, akatolewa tone la damu kidoleni, na baada ya dakika kumi akaambiwa anaye bakteria. Akanunua dawa, akamaliza. Baada ya miezi mitatu kiungulia kikarejea, akapimwa tena damu, akaambiwa bado anaye. Akanunua dawa nyingine. Mara ya tatu ikawa hivyo hivyo, naye akaanza kumshuku mkewe kwamba ndiye anayemwambukiza. Palikuwa na mazungumzo mazito katika nyumba ile, na mwandishi, kwa nafasi yake ya ujomba, aliitwa kuyasikiliza.

Shida haikuwa kwa mke. Kipimo cha tone la damu hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kinga ambayo mwili uliitengeneza ulipokutana naye. Kinga hiyo hubaki katika damu kwa miezi mingi, pengine miaka, baada ya bakteria mwenyewe kwisha kuuawa. Ni kama alama ya chanjo begani: inaonyesha kwamba jambo lilitokea, haionyeshi kwamba linaendelea. Kwa hiyo mtu aliyekwisha kutibiwa asipimwe kwa damu ili kujua kama amepona, kwa sababu jawabu litakuwa "ndiyo" hata kama hana kitu. Mpwa alipofuata ushauri akapimwa choo katika hospitali, bakteria hakuonekana. Kiungulia chake kilikuwa cha tindikali kupanda kooni, kwa vile alikuwa na desturi ya kula saa nne usiku na kulala papo hapo.

Kipimo cha choo ndicho kinachofaa zaidi kwa wengi wetu. Mtu hupeleka choo kidogo kibichi katika kikopo, na maabara hutafuta chembe za bakteria mwenyewe. Kipo pia kipimo cha pumzi, ambacho mgonjwa hunywa maji yenye urea maalumu kisha akapuliza katika mfuko. Urease ya bakteria huivunja urea hiyo na gesi yake hutokea katika pumzi. Hiki ni kizuri sana, lakini hakijaenea kwetu. Vipimo vyote viwili hudanganywa na dawa. Mtu akiwa anatumia omeprazoli, bakteria hupungua na kujificha, na kipimo kikasema hayupo ilhali yupo. Inatakiwa omeprazoli na jamaa zake ziachwe wiki mbili kabla ya kipimo, na dawa za kuua bakteria za aina yoyote wiki nne. Mpimaji asipokuuliza habari za dawa ulizokunywa, mweleze mwenyewe.

Kumezeshwa mpira wenye kamera ni kipimo cha hospitali kubwa za rufaa. Watu wanakiogopa, lakini humalizika kwa dakika chache, na ndicho pekee kinachoweza kusema kwa yakini kwamba mtu ana kidonda, au ana gastriti bila ya kidonda, au ana uvimbe wa saratani. Hakilazimiki kwa kila mwenye kiungulia. Wanaotakiwa kukimbilia ni hawa: anayetapika damu au vitu kama machicha ya kahawa, anayepata choo cheusi cha kunata, anayekonda bila ya sababu, anayekwamwa na chakula kikishuka, anayetapika kila siku, aliyepungukiwa damu, na mtu mzima wa makamo ambaye hakuwa na matatizo ya tumbo kisha yakamwanza ghafla. Mwenye ndugu wa tumbo moja aliyefariki kwa saratani ya tumbo naye asingoje. Aidha, maumivu ya chembe cha moyo yanayokuja mtu anapopanda ngazi na kutulia akipumzika huenda si ya tumbo hata kidogo. Yapelekwe kwa daktari kama maradhi ya moyo.

Imekuwa ikisemwa kwamba saratani ya tumbo ni haba kwa Waafrika ijapokuwa bakteria ni wengi kwao. Mwaka 1992 jambo hilo liliandikwa katika jarida la madaktari kuwa ni fumbo la Afrika. Wengine wamelijibu kwamba fumbo hilo kwa sehemu kubwa ni uchache wa kamera na maabara: asiyechunguzwa hahesabiwi. Madaktari wa KCMC waliandika tangu miaka ya 1980 juu ya saratani ya tumbo kwa wakaazi wa maeneo ya Mlima Kilimanjaro, na waliweza kuandika kwa sababu walikuwa na hospitali yenye wachunguzi. Mwandishi anaona jibu hili lina uzito.

Kuhusu dawa, bakteria huyu haondoki kwa kidonge kimoja. Hutumika angalau dawa tatu kwa pamoja: moja ya kupunguza tindikali, kama omeprazoli, na mbili za kuua bakteria, mara nyingi amoksilini pamoja na klarithromaisini, au metronidazoli ikawa badala ya mojawapo. Wengine huongezewa dawa ya bismuthi, ambayo huifanya choo kiwe cheusi. Mgonjwa huyo aelezwe mapema ili asidhani anatokwa na damu. Dawa hunywewa mara mbili kwa siku au zaidi, na muda unaopendekezwa na wataalamu wengi hivi sasa ni siku 14. Omeprazoli hunywewa nusu saa hivi kabla ya chakula. Aliyewahi kudhurika kwa penisilini amwambie daktari kabla ya kuandikiwa amoksilini.

Siku 14 ni nyingi kwa mtu anayeona mdomo wake unakuwa mchungu kama umelamba chuma na tumbo likilegea. Siku ya tano maumivu huwa yamepungua, na hapo ndipo wengi huacha, wakaweka vidonge vilivyobaki katika kabati kwa ajili ya siku nyingine au wakampa jirani. Bakteria waliosalia ni wale waliozihimili dawa, nao ndio huzaana. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilimtaja Helikobakta pilori mwenye usugu kwa klarithromaisini miongoni mwa bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka, na wachunguzi wa Mwanza wamekwisha kumwona katika wagonjwa wa Tanzania. Kila anayenunua nusu ya dozi kwa sababu fedha hazikutosha, naye anakuwa amelipia usugu huo. Afadhali kungoja mwisho wa mwezi dozi ikanunuliwa kamili, iwapo daktari ameridhika kwamba hakuna dalili ya hatari, kuliko kuanza kwa vidonge vya siku nne.

Wiki nne au zaidi baada ya kumaliza dawa, kipimo cha choo kirejewe. Hatua hii takriban kila mtu huiruka, kwa kuwa mgonjwa anajiona mzima. Kwa mwenye kidonda ina maana kubwa. Zamani, kidonda cha utumbo kilipotibiwa kwa dawa za tindikali peke yake, zaidi ya nusu ya wagonjwa kilikuwa kikiwarejea ndani ya mwaka mmoja. Bakteria akiuawa, wanaorejewa ni wachache sana.

Wasomaji wetu wengi wataulizia mwezi wa Ramadhani. Dawa za mara mbili kwa siku zinaweza kupangwa, moja wakati wa futari na nyingine wakati wa daku, na madaktari wengi hukubali mpango huo kwa mwenye gastriti iliyotulia. Mwenye kidonda kibichi, au aliyetokwa na damu karibuni, huyo ni mgonjwa kama wagonjwa wengine, na ruhusa ya kula anayo; asijitie katika hatari kwa kuona haya majirani. Palipo na nafasi, tiba ya siku 14 ianzwe kabla ya mwezi kuandama au ingojee mfungo mosi.

Inafaa kusema wazi kwamba si kila mwenye bakteria na kiungulia atapona kiungulia kwa kuuawa bakteria. Kwa watu ambao kamera haikuonyesha kidonda, tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba inabidi watibiwe takriban watu 14 ili mmoja zaidi awe mzima wa maumivu kuliko ambavyo angekuwa bila ya tiba hiyo. Wengine hupona kwa muda, wengine huendelea. Maumivu yao huenda yanatokana na mwendo wa tumbo wenyewe, mawe ya nyongo, minyoo, dawa za maumivu au wasiwasi. Mgonjwa anayeahidiwa na muuza dawa kwamba dozi moja itamaliza kila kitu, kisha isimalize, huishia kuikata imani yake kwa hospitali nzima na kuhamia kwenye shubiri na mizizi. Habasoda na asali mtu akitumia hakuna anayemgombeza, lakini asiziweke mahali pa kipimo.

Dawa za maumivu zimetajwa juu juu, nazo zinastahili zaidi. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni huondoa kinga ya ute wa tumbo, na zinaweza kuleta kidonda hata kwa asiyekuwa na bakteria. Vikikutana viwili hivyo katika tumbo moja, hatari ya kutokwa na damu huzidi sana, khasa kwa wazee. Ndivyo alivyoponzeka mkwe wetu: bakteria alianza kazi, vidonge vya magoti vikaimaliza. Wazee wetu wengi visiwani wanatumia vidonge hivyo kila siku na watoto wao ndio wanaowanunulia, kwa nia njema kabisa. Mtu anayepewa aspirini ndogo ya moyo na daktari asiiache kwa kusoma taarifa hii. Amuulize daktari wake kwanza.

Usiku ule Hasamba, mama mkwe, aliyekuwa amekaa kimya karibu na jiko la mkaa, aliuliza swali ambalo wanaume hawakulifikiria. Alitaka kujua kama wajukuu wamekwisha kuambukizwa, na kama mzee atengewe sahani na kikombe chake.

Mzee asitengewe sahani. Bakteria huyu kwa kawaida huingia utotoni, katika miaka ya mwanzo ya maisha, kutoka kwa mama, baba na ndugu, kwa njia ya matapishi, mate au choo kinachofika mdomoni kupitia mikono na maji. Mtu mzima anayekula sinia moja na wenzake, aliyekulia katika nchi zetu, alikwishakutana naye siku nyingi. Watoto wasio na dalili hawapimwi wala hawapewi dawa ovyo. Kinachowasaidia ni maji salama, choo kilicho safi, na mikono ya mpishi na mlaji ioshwe kwa sabuni.

"Na kumtafunia mtoto chakula?" aliuliza mama mkwe. "Mimi hawa wote niliwatafunia nyama."

Akajibiwa kwamba hilo ndilo la kuacha. Nyama ya mtoto ipondwe kwa kinu au ikatwe vipande vidogo kwa kisu. Mama mkwe alitikisa kichwa, akamtazama mumewe aliyekuwa akimalizia sahani yake ya maharage, akaondoka kwenda kutafuta kinu kidogo cha karanga.